Kulegea na Kupwaya: Uhakiki wa Istilahi za Mwili wa Makamo

Utangulizi

Mnamo Desemba 2016 Bi Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais wa Tanzania, aliwataka wananchi waifanye Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Wito wa namna hii, hata ukitolewa kwa maneno machache, huzaa maandishi mengi: mabango ya zahanati, vipeperushi vya maofisini, vijitabu vya walimu wa mazoezi na vipindi vya redio. Aghalabu maandishi hayo hutafsiriwa kutoka Kiingereza, na aghalabu mfasiri hupewa siku chache tu za kuyakamilisha. Makala haya yanakusudia kuhakiki sehemu moja ya maandishi hayo, nayo ni maneno yatumiwayo kueleza mabadiliko ya mwili wa mtu wa makamo aanzapo kufanya mazoezi, na hasa ngozi inayobaki baada ya unene kuondoka.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa kurasa hizi, ambazo zimezoea kushughulikia istilahi za sheria, za benki na za sayansi. Lakini istilahi ya benki ikikosewa, karani ataweza kuuliza. Istilahi ya mwili ikikosewa, msomaji haulizi mtu. Hujitazama katika kioo, akalinganisha alichosoma na anachokiona, kisha akaamua mwenyewe la kufanya. Uamuzi huo waweza kuwa na madhara, kama tutakavyoona.

Mswada na msomaji wake

Mapema mwaka huu dawati letu lililetewa mswada wa kijitabu cha mazoezi kwa watu wenye umri wa miaka 40 hadi 60. Hatuna haja ya kuwataja walioleta, kwani makosa tuliyoyakuta humo si yao peke yao. Sarufi ya mswada ilikuwa safi na tahajia yake haikuwa na dosari. Kwa desturi yetu tuliwaomba watu wachache wa umri uliokusudiwa wausome kwa sauti, nasi tukawa tunaandika kila mahali waliposita.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mwenye maradhi ya kisukari, ambaye kwa ushauri wa daktari alikuwa ametembea kila alfajiri kwa muda wa miaka miwili na kupunguza kilo 18. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye maneno “faida ya kwanza ya mazoezi ni kukonda.” Hapo alivua miwani akanitazama.

“Mwanangu,” alisema, “neno hili liondoe. Mimi nilipoanza kupungua, majirani walikuja kunipa pole. Wifi yangu aliniuliza kwa siri kama nimekwenda kupima. Nikaona aibu, nikaacha kutembea miezi minne, sukari ikapanda. Leo na kitabu nacho kinaniambia nimekonda?”

Aliendelea kusoma. Ukurasa wa kumi na moja ulisema kwamba ngozi legevu ya mikono na tumbo ni dalili ya mwili usiofanyiwa mazoezi. Mama yule alikunja mkono wa gauni lake, akatuonyesha ngozi iliyoning’inia chini ya mkono wa juu. “Ngozi hii nimeipata kwa kutembea,” alisema. “Nilipokuwa sitembei, mkono huu ulikuwa umejaa. Sasa mlegevu ni nani hapa?”

Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kukonda, kupungua na kudhoofu

Tuanze na neno la kwanza. Katika Kiswahili cha kawaida kukonda ni kupoteza mwili, na mara nyingi msikilizaji huelewa kwamba kuna kilichosababisha: ugonjwa, njaa, huzuni au kazi nyingi. Ndiyo maana mtu akiambiwa amekonda huulizwa papo hapo ana nini. Maana hii ilizidi kuwa nzito baada ya 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa katika Mkoa wa Kagera. Katika nchi jirani ya Uganda ugonjwa huo ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwa watu ambao leo wamefikia makamo, waliokuwa watoto au vijana katika miaka ile, kukonda si neno la urembo. Ni neno walilolisikia likinong’onwa misibani.

Zaidi ya hayo, neno hili bado lina kazi halali katika afya ya jamii. Maelezo ya dalili za kifua kikuu hutaja kikohozi kisichokoma, homa, kutoka jasho usiku na kukonda. Hebu mfasiri afikirie ukuta mmoja wa zahanati wenye mabango mawili: la kwanza lamwambia mgonjwa kwamba akikonda aje apimwe, la pili lamsihi afanye mazoezi apate kukonda. Neno moja limegeuzwa kuwa onyo na tuzo kwa wakati mmoja. Msomaji atalifuata lipi?

Hili si suala la hisia tu. Waganga huhesabu kuwa mtu aliyepoteza asilimia 5 ya uzito wake au zaidi katika miezi 6 hadi 12, pasipo kukusudia, anahitaji kuchunguzwa. Maneno yenye uzito hapo ni “pasipo kukusudia.” Lugha inayotenga jambo lililokusudiwa na lisilokusudiwa humsaidia mganga, na lugha inayoyachanganya humpoteza. Kwa bahati njema Kiswahili kimekwisha kuyatenga. Watu husema “ninapunguza mwili” wanapofanya kwa hiari, na husema “nimepungua” pasipo kuomba pole ya mtu. Kisha liko neno la tatu, kudhoofu, ambalo ni kupotewa na nguvu, na ambalo linafaa sana kwa jambo jingine linalowapata watu wa makamo: kupungua kwa misuli yenyewe, ambako huanza taratibu tangu miaka ya thelathini, na kasi yake huongezeka uzeeni. Mtu aweza kudhoofu bila ya kupungua, kwani misuli ikiondoka na mafuta yakishika nafasi yake, mizani haitaonyesha kitu.

Tunajua kwamba vijana wengi wa mijini husema “nataka kukonda” kwa maana ya kupendeza, wala hatudhani kwamba baraza lolote litawazuia. Usemi wa barazani una uhuru wake. Lakini maandishi ya afya huandikwa kwa ajili ya wote, na pale ambapo neno lina maana mbili zinazopigana, mwandishi hana budi kuchagua lisilopigana.

Ngozi: kulegea au kupwaya?

Tufikie sasa kiini cha makala haya. Kiingereza kina kivumishi kimoja ambacho hutumika kwa kamba isiyokazwa, kwa nguo iliyozidi mwili, kwa jino linalotaka kung’oka na kwa ngozi inayoning’inia. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kwetu kamba hulegea, nguo hupwaya, na jino hucheza. Mfasiri aliyezoea kutafuta neno moja kwa neno moja hufungua kamusi, hukuta “legea” mwanzoni mwa orodha, akaliandika kila mahali. Hivyo ndivyo tulivyopata “ngozi legevu.”

Yafaa tuangalie maana ya kila kitenzi. Kulegea ni kupotewa na mkazo. Kamba iliyolegea ina urefu ule ule. Kilichobadilika ni kule kukazwa kwake. Kupwaya ni kuwa kikubwa kuliko kinachovikwa. Shati linalopwaya halikupotewa na kitu. Aliyelivaa ndiye aliyekuwa mnene zaidi liliposhonwa. Kwa hiyo kulegea ni habari ya kitu chenyewe, na kupwaya ni habari ya uhusiano baina ya vitu viwili, kifunikacho na kifunikwacho.

Elimu ya mwili yathibitisha kwamba hapa pana mambo mawili. Chini ya tabaka la juu la ngozi liko tabaka nene lenye nyuzi za protini. Nyuzi za kolajeni huipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini huipa unyumbufu, yaani uwezo wa kuvutika na kurejea mahali pake. Kadiri miaka inavyokwenda nyuzi hizo hupungua na kuharibika, na jua kali pamoja na uvutaji wa sigara huharakisha uharibifu huo. Kwa wanawake kukoma kwa hedhi, ambako kwa kawaida hutokea kati ya miaka 45 na 55, huongeza kasi. Ngozi ya namna hii imelegea kwa maana halisi ya neno, hata kama mwenyewe hakuwahi kunenepa wala kupungua.

Jambo la pili ni tofauti. Mwili ukinenepa, ngozi huongezeka ili iufunike. Unene ukiondoka, ngozi iliyoongezeka haiondoki pamoja nao. Hurudi kwa kiasi, na kiasi hicho hutegemea umri wa mtu, urithi wake, kilo alizopunguza, na miaka ambayo ngozi ilikaa imevutika. Kijana aliyepunguza kilo chache huenda asibaki na alama yoyote. Mtu wa miaka 55 aliyekuwa mnene kwa miaka ishirini atabaki na ngozi iliyozidi tumboni, mapajani na chini ya mikono. Ngozi hiyo inampwaya, kama gauni la mwaka juzi.

Kweli ni kwamba mambo haya mawili mara nyingi hukutana katika mtu mmoja, hasa wa makamo, na hapo ndipo wepesi wa kuyachanganya unapozaliwa. Lakini kukutana si kuwa kitu kimoja. Hukumu ya mswada kwamba ngozi legevu ni dalili ya kutofanya mazoezi isingeweza kuandikwa kama mfasiri angetumia kupwaya. Jaribu kuandika: “ngozi iliyopwaya ni dalili ya mwili usiofanyiwa mazoezi.” Sentensi hiyo yajikana yenyewe, kwa sababu kupwaya kwamaanisha kwamba kilichokuwamo kimepungua. Neno sahihi lingemzuia mwandishi asiseme uongo.

Tena kuna jambo la hadhi. Mlegevu katika Kiswahili ni mtu mzembe, asiyejibidiisha, na walimu wameliandika neno hilo katika ripoti za wanafunzi kwa miaka mingi. Kijitabu kinachomhimiza msomaji “aache ulegevu” katika ukurasa wa pili, kisha kikaiita ngozi yake legevu katika ukurasa wa kumi na moja, kimemtukana hata kama hakikukusudia. Mtu aliyetoka kitandani saa kumi na moja alfajiri kwa miaka miwili asiitwe hivyo na kitabu cha serikali wala cha mtu binafsi.

Pingamizi mbili

Wenzetu katika kikao cha awali walitoa pingamizi mbili, na ni haki zijibiwe.

Ya kwanza ni kwamba kupwaya nako kumeharibika. Magazeti husema kiongozi fulani “anapwaya” katika nafasi yake, wakimaanisha kwamba hatoshi. Twakubali kuwa matumizi hayo yapo. Hata hivyo sitiari hiyo ingali imeshikamana na maana ya asili: cheo ni vazi, na aliyevikwa ni mdogo kuliko vazi. Hakuna msemaji aliyesahau nguo. Tena katika sentensi “ngozi inampwaya,” kinachopwaya ni ngozi, si mtu, na lawama haimfikii. Katika “ngozi yake ni legevu,” kivumishi ni kile kile anachoitwa mvivu.

Ya pili ni kwamba istilahi inahitaji nomino, si kitenzi tu. Hili ni kweli, na Kiswahili kina njia iliyonyooka: kaza hutoa mkazo, vuta hutoa mvuto, kunja hutoa mkunjo, lala hutoa mlalo. Kwa kanuni hiyo hiyo legea itatoa mlegeo, na pwaya itatoa mpwayo. Mlegeo una faida ya kuliepuka neno ulegevu pamoja na lawama zake. Inapasa tu mhariri awe mwangalifu asichapishe “mlegezo,” ambalo vijana wamekwisha kulipa suruali zinazoshushwa chini ya kiuno.

Msomaji atatambua kwamba hatukulazimika kwenda mbali. Utaratibu wa kuunda istilahi tulioufuata kwa miaka mingi wataka mtafutaji aanze katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na hatimaye lugha za kigeni. Safari hii tumeishia kwenye hatua ya kwanza, mlangoni kwa fundi cherehani. Fundi huyo huyo ana neno jingine la kutufaa: kitambaa kilichofuliwa kikapungua husemwa kimerudi. Ngozi nayo hurudi. Lakini kwa kuwa watu husema pia kwamba unene umerudi, twashauri mfasiri aandike “unene umerejea,” na kurudi akuachie ngozi.

Mafuta, jasho na misuli

Maneno mengine ya mswada tutayapitia kwa ufupi. “Umri wa kati” ni mfuasi wa Kiingereza asiye na sababu ya kuwapo, ilhali makamo ni neno kongwe, zuri na lenye heshima. “Kuyeyusha kitambi” kwafaa katika tangazo la biashara, lakini si katika mafunzo, kwa kuwa humfanya msomaji adhani kwamba mafuta ya tumbo huyeyuka kama samli na kutoka kwa jasho. Ndipo tunapowaona watu wakikimbia wamejifunga plastiki tumboni. Makala iliyochapishwa katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, mwaka 2014 ilieleza hesabu yake: katika kila kilo 10 za mafuta zinazotumika mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kabonidayoksaidi, na kilo 1.6 huwa maji. Jasho linalodondoka hupunguza maji, nayo hurejeshwa na glasi mbili tatu. “Kutumia mafuta” yatosha, na ni kweli.

Vivyo hivyo “kugeuza mafuta kuwa misuli.” Mafuta hayageuki misuli, kama vile mchanga haugeuki chuma. Kimoja hupungua, kingine hujengwa, na kila kimoja kina kazi yake. Msomaji anapaswa kulijua hilo, kwani kutembea peke yake hakujengi misuli ya kutosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 wawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na pamoja na hayo mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Misuli ikijengwa, hujaza sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta, na mpwayo hupungua machoni. Lakini ngozi iliyozidi haikatwi kwa mazoezi wala kwa mafuta ya kupaka. Ikiwa nyingi, mikunjo yake hushika unyevu na kuleta vipele na fangasi, hivyo huhitaji kuoshwa na kukaushwa vema. Na ikimsumbua mtu sana, tiba yake ni upasuaji, baada ya uzito kutulia.

Mwisho, mswada ulidai kwamba mtu akivuka miaka 40 mwili wake “huacha kuchoma mafuta.” Uchunguzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021, uliohusu watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba matumizi ya nishati mwilini, yakilinganishwa na ukubwa na muundo wa mwili, hubaki karibu sawa kati ya miaka 20 na 60. Hapa tatizo si la istilahi, lakini mfasiri mwangalifu anapaswa kumuuliza mwandishi.

Mapendekezo

Kwa hayo yote tunapendekeza maneno yafuatayo yajadiliwe:

Makamo: umri wa mtu mzima kabla ya uzee, badala ya “umri wa kati.”

Kupungua mwili, kupunguza mwili: kuondokewa na unene kwa kukusudia.

Kukonda: kupoteza mwili pasipo kukusudia, litumike katika maelezo ya dalili za maradhi.

Kudhoofu: kupotewa na misuli na nguvu, uzito ukipungua au usipopungua.

Mlegeo wa ngozi: hali ya ngozi kupotewa na mkazo kwa sababu ya umri, jua au maradhi.

Mpwayo wa ngozi: hali ya ngozi kuzidi mwili baada ya unene kuondoka.

Kurudi kwa ngozi: kupungua kwa mpwayo kadiri muda upitavyo.

Michirizi: mistari ibakiayo mahali ngozi ilipovutika, neno hili limekwisha kuenea na halina haja ya kubadilishwa.

Hitimisho

Tulipomaliza kusahihisha mswada tulimrudia mama yule. Ukurasa wa kumi na moja sasa ulisema kwamba mtu wa makamo aliyepunguza mwili aweza kubaki na mpwayo wa ngozi, kwamba mpwayo huo si ugonjwa wala si uzembe, na kwamba baadhi yake hurudi polepole. Aliusoma mara mbili. Neno “mpwayo” lilimgeni kidogo, akalitamka tena, kisha akasema, “Kama nguo.” Hatukuwa tumemfafanulia. Kisha akasahihisha alama moja ya mkato ambayo sisi sote tulikuwa tumeipita.

Yawezekana kamati ikapata maneno bora kuliko haya. Tunawaomba wafasiri, walimu, wauguzi na watumishi wa idara za afya, wa bara na wa visiwani, watuletee maoni yao, na hasa maneno yatumikayo katika lahaja zao kwa ngozi iliyozidi mwili na kwa mtu aliyepungua kwa hiari yake. Maoni yote yatawekwa mbele ya kikao kijacho cha kusanifu istilahi.